Ghulamu Wawili Mkononi: Tathmini ya Darasa la Poka la Ganjoni

Nimemaliza wiki nane za darasa la poka linalofanyika kila Jumanne jioni katika chumba cha ghorofa ya pili huko Ganjoni, Mombasa, na kwa kuwa watu kadhaa wameshaniuliza kama ada ya shilingi 6,000 inastahili kulipwa, nimeona niandike kwa urefu badala ya kumjibu kila mmoja nusunusu. Jibu langu ni kwamba inastahili, na sababu yangu kubwa ni moja: sijawahi kufundishwa popote, kwa uwazi kama nilivyofundishwa hapa, jinsi ya kuamua kama nijifunge (yaani niazimie kutotupa karata tena katika mchezo huo) au nisijifunge ninapokuwa na mkono wa wastani, yaani mkono ambao si wa kutupwa wala si wa kujivunia. Kwingineko darasa hili ni la kawaida, na lina kasoro ambazo sitazificha.

Kwanza niondoe utata wa jina. Wengi wetu tuliokulia Kenya tukisikia poka hufikiria ule mchezo wa kupunguza karata hadi mtu atangaze kwamba yuko kadi. Somo hapa ni Texas Hold'em, ambamo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi mezani, tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila baada ya hatua watu hutia chipu, hufuata, hupandisha au hutupa karata zao. Wawili wa kwanza kushoto kwa mgawaji hutoa madau ya lazima kabla ya karata kugawiwa, ili pawe na kitu cha kugombewa. Mwalimu anafundisha kwa Kiswahili na anatumia majina ya karata tuliyoyarithi hapa Pwani, shupaza, kopa, uru na pau, pamoja na ree, mfalme, bibi na ghulamu. Jambo hilo lilinigusa, kwa sababu nilidhani majina hayo yamebaki kwa wazee wanaocheza wahedi wa sitini barazani.

Darasani hakuna pesa inayochezwa. Chipu ni za plastiki, hurudishwa kwenye sanduku kila usiku, na hakuna anayetoka na kitu zaidi ya alichojifunza. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika mji huu wenye Waislamu wengi, kamari ni jambo zito la dini na si suala la kupenda au kutopenda. Jirani yangu mmoja alinisikiliza kwa makini, akaniambia kwamba hata bila pesa hangependa kuuzoesha mkono wake mchezo huo. Niliuona msimamo wake kuwa wa heshima na sikumbishia. Mwenye dhamiri kama hiyo asishawishiwe na tathmini hii.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za misingi, na aliyewahi kucheza atazivumilia tu. Darasa lenyewe lilianza wiki ya tatu, pale mwalimu alipoandika ubaoni maneno mawili, rundo na poti, akayatenganisha kwa mstari wa kugawanya. Rundo ni chipu zilizobaki mbele yako. Ikiwa mwenzako ana chache kuliko wewe, linalohesabika ni rundo lake, kwa kuwa hamwezi kushindania zaidi ya alicho nacho mwenye kidogo. Poti ni zile zilizokwisha ingia katikati. Gawanya la kwanza kwa la pili mara tu karata tatu za mezani zinapofunuliwa, na namba utakayoipata itakueleza mengi kuhusu nguvu ya mkono wako ambayo karata zenyewe haziwezi kukueleza. Ikiwa ni moja, mbili au tatu, jozi ya juu, yaani karata yako ikioana na ile iliyo kubwa kuliko zote za mezani, inatosha kujifunga nayo mara nyingi, kwa sababu kilichobaki ni kidogo kikilinganishwa na kinachogombewa. Ikizidi kumi, jozi hiyohiyo ni mkono wa kushindania poti ndogo, kwa kuwa mtu atakayekubali kutia rundo lote dhidi yako katika hali hiyo kwa kawaida amebeba kitu kikubwa zaidi. Namba nne, tano au sita ndiyo hali ngumu, na humo ndimo jibu hutegemea uliyekabiliana naye.

Neno kujifunga nalitumia kama mwalimu alivyolitumia. Si kutia chipu zote papo hapo, bali ni kuamua moyoni kwamba katika poti hii hutatupa karata tena, hata ukipandishiwa, hata ikifunuka karata usiyoipenda, isipokuwa litokee jambo lisilo la kawaida kabisa. Mwalimu alisisitiza kwamba uamuzi huo una wakati wake, na wakati huo huja mapema kuliko tunavyodhani. Wengi wetu tulikuwa tukiufanya mwishoni, baada ya kutia theluthi ya rundo, huku mwenzetu ameshasukuma zake zote katikati.

Mfano uliokaa akilini mwangu ni wa ghulamu wawili. Madau ya lazima ni 50 na 100. Mtu anapandisha hadi 300, wewe una ghulamu wawili unapandisha hadi 900, wengine wanatupa, naye anatia zote. Tuseme unamjua kuwa ni mtu wa tahadhari, asiyefanya hivyo ila akiwa na bibi wawili, wafalme wawili, ree mbili, au ree na mfalme. Mwalimu alituhesabisha kwa karata halisi mezani. Kila jozi ya bibi, wafalme au ree inaweza kupatikana kwa namna 6, hivyo jozi zinazokupiga ni namna 18, ilhali ree na mfalme hupatikana kwa namna 16. Dhidi ya jozi kubwa kuliko yako unashinda takriban mara moja katika tano, na dhidi ya ree na mfalme unashinda zaidi kidogo ya nusu. Ukichanganya yote, fungu lako ni kama asilimia 36.

Hapo ndipo rundo linapoamua. Ikiwa jumla aliyotia ni 10,000, poti imefika 11,050 na wewe unatakiwa kuongeza 9,100, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau asilimia 45 ya mara zote ili usipate hasara. Una 36, basi unatupa. Ikiwa jumla aliyotia ni 2,500, poti ni 3,550 na unaongeza 1,600, hivyo unahitaji asilimia 31 tu. Una 36, basi unafuata. Karata ni zilezile, mtu ni yuleyule na tabia yake ni ileile, lakini jibu limegeuka. Nilikuwa nimecheza na marafiki kwa miaka kadhaa nikiamini kwamba ghulamu wawili ni mkono wa kufuata au ni mkono wa kutupa, nikibadilisha imani hiyo kulingana na jinsi walivyonitendea mara ya mwisho. Usiku ule nilikaa nikiitazama karatasi yangu ya hesabu baada ya wengine kwenda kunywa kahawa.

Wiki iliyofuata tulifanya zoezi la mikono ambalo ningependa kila mwalimu wa mchezo huu aliige. Tuligawanywa wawiliwawili, kila kundi likaweka ghulamu wawili pembeni, likachanga karata zilizobaki na kufunua tatu, mara hamsini, huku mmoja akiweka alama kwenye karatasi ya mirabaraba kila inapotokea angalau bibi, mfalme au ree. Hesabu ya kitabuni inasema hilo hutokea asilimia 57 ya mara. Mimi na mwenzangu, dada mmoja anayefanya kazi benki, tulipata mara 31 kati ya hamsini. Hakuna aliyepata hasa 57, na mwalimu alifurahi kwa hilo kwa sababu lilimpa nafasi ya kueleza kwamba hesabu ni ya safari ndefu na si ya usiku mmoja. Lakini kila kundi liliona kwa macho yake kwamba mwenye ghulamu wawili hukumbana na karata kubwa mezani mara nyingi kuliko asivyokumbana nayo, na kwamba kwa mwenye kumi mbili hali ni mbaya zaidi, kwani huko hufika karibu asilimia 70. Ukishayaona hayo mara hamsini kwa vidole vyako, huwezi tena kushangaa na kukasirika bibi anapofunuka, kana kwamba umeonewa. Ulipaswa kumtarajia, na kuwa umeshajua utafanya nini atakapotokea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lililolipia ada yote. Wazee wetu walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na katika meza zetu za mtaani methali hiyo husemwa karibu kila usiku, na mtu ambaye amekwisha tia chipu nyingi na sasa anatia zilizobaki. Mwalimu hakuidharau methali, ila alituonyesha kwamba tunaitaja mahali pasipo pake. Kuna sababu mbili zinazoweza kumfanya mtu atie chipu zake za mwisho, nazo hufanana kwa nje. Ya kwanza ni bei: poti imekuwa kubwa mno kulingana na kilichobaki, hivi kwamba hata nafasi ndogo ya kushinda inatosha. Ikiwa poti ina 4,000, mwenzako anatia 500, nawe umebakiwa na 500, unalipa 500 ili ushindanie 4,500, na asilimia 10 tu inakutosha. Mwenye kopa nne anayesubiri ya tano, huku imebaki karata moja kufunuliwa, hushinda karibu mara moja katika tano, na kutupa hapo ni kosa la wazi. Sababu ya pili ni uchungu: mtu anaona chipu zilizo katikati bado ni zake na hataki kuziacha peke yake. Chipu zile si zake tena. Ziliacha kuwa zake alipoziachilia, na sasa ni za yeyote atakayeshinda, kwa hiyo ukubwa wa poti una maana katika hesabu, lakini nani aliitia poti ikawa kubwa hauna maana yoyote.

Ninafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na somo hilo lilinikumbusha mteja aliyeendelea kulipa gharama za kontena kukaa yadi, wiki baada ya wiki, kwa bidhaa ambazo thamani yake ilikuwa imeshazidiwa na ankara. Kila nilipompigia simu kumshauri, alinijibu kwamba ameshalipa nyingi mno kuziacha. Nilimwelewa kabisa, na bado najua kwamba swali la haki lilikuwa kama malipo ya wiki inayofuata yana faida, si malipo ya zilizopita.

Hata hivyo kuelewa ni rahisi kuliko kutenda, nami nilithibitisha hivyo wiki ya tano. Mezani petu alikuwepo mzee mmoja mpole, mstaafu, ambaye sote tulimwamkia shikamoo tulipoingia naye akatuitikia kila mmoja kwa jina. Usiku kucha alikuwa ametia zote mara mbili tu, na mara zote mbili alifunua mkono mkubwa. Mimi nilikuwa na chipu 3,000, nikapata ree ya pau na ghulamu wa uru, nikapandisha hadi 300, naye akafuata kutoka kwenye dau kubwa la lazima. Poti ikawa 650 na sote tukabaki na 2,700. Mezani wakafunuka ghulamu wa kopa, tisa ya kopa na nne ya pau. Nilikuwa na jozi ya juu na karata bora ya kuisindikiza, na uwiano wa rundo na poti ulikuwa nne na kitu, ndani kabisa ya ile hali ngumu. Nilitia 400 bila kufikiri, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akiwa na jozi ya juu. Mzee alifuata. Ikaja mbili ya shupaza, karata isiyobadilisha lolote, na yeye, kabla sijatenda chochote, akazikusanya chipu zake kwa viganja viwili na kuzisogeza mbele taratibu, kama mtu anayesogeza sinia la chakula kwa mgeni.

Zilikuwa 2,300. Poti ikawa 3,750, na mimi nilihitaji asilimia 38 ili kufuata. Nilikaa dakika nne. Nilijua hesabu: tisa mbili za mkononi zinapatikana kwa namna 3, nne mbili kwa namna 3, ghulamu na tisa za aina moja kwa namna 2, jumla namna 8 zinazonipiga, na karibu zote zikiniacha bila tumaini. Nilijua pia kwamba nikimpa namna 8 za mikono inayosubiri kopa au inayonifuata nyuma kwa ghulamu na karata ndogo, fungu langu lingefika kama asilimia 40 na kufuata kungekuwa sawa. Kwa ufupi, kwa kila mkono unaonipiga nilihitaji mmoja ninaoupiga. Lakini je, mzee huyu angetia zote akiwa anasubiri kopa? Kila nilichokiona usiku ule kilinijibu kwamba hangetia. Nilitazama zile 700 nilizokuwa nimeshaziingiza katikati, nikatia zilizobaki.

Alifunua nne mbili. Pamoja na nne ya mezani alikuwa na tatu, na hapakuwa na karata hata moja katika zilizobaki ambayo ingeniokoa. Aliniangalia kwa huruma ya kweli akasema, "Mwanangu, mimi sitii zote mkono ukiwa mtupu. Siwezi. Moyo hunipiga mno."

Mwalimu alisimama nyuma yangu wakati wote, na hapo ndipo alipoonyesha kwamba anaijua kazi yake. Hakuniuliza kwa nini nilifuata. Aliniuliza nilikuwa nimepanga nini nilipotia zile 400. Sikuwa nimepanga chochote. Akaeleza mbele ya darasa kwamba kwa uwiano wa nne, dhidi ya mchezaji mwenye haraka anayetia zote kwa kopa nne na kwa ghulamu na bibi, ningepaswa kujifunga palepale nilipotia 400, nikafuata kwa moyo mweupe, na nikishindwa nisijutie. Dhidi ya mzee huyu ningeweza kutia zilezile 400, lakini nikiwa nimeshajiambia kwamba akitia zote natupa. Mipango yote miwili ni halali. Kisicho halali ni kutia bila mpango, kisha kuomba mpango uje wakati roho iko juu. Tena akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kama ningekuwa na rundo la 20,000 katika poti ileile, uwiano ungekuwa karibu thelathini, na hata dhidi ya mwenye haraka ningepaswa kupita bila kutia ilipofunuliwa karata ya nne, ili poti ibaki na ukubwa unaolingana na mkono wangu. Mkono wa wastani, alisema, hulindwa kwa kuidhibiti poti kabla haijawa kubwa, kwa sababu ikishakuwa kubwa kilichobaki ni kukisia tu.

Kasoro sasa. Kubwa ni karatasi za mazoezi, ambazo ni nakala za Kiingereza zilizofifia, zenye vifupisho visivyoelezwa, jambo la ajabu katika darasa ambalo uzuri wake ni kwamba linazungumzwa kwa Kiswahili kizuri. Nilitumia jioni mbili nyumbani nikijaribu kuoanisha maneno ya karatasi na maneno ya mwalimu, na dada wa benki alinikiri kwamba yeye aliziacha kabisa. Mtu anayeweza kueleza uwiano wa rundo na poti kwa maneno ambayo mzee wa miaka sabini anayafuata bila shida anaweza kuandika kurasa kumi za Kiswahili, nami nilimwambia hivyo ana kwa ana.

Wiki ya sita ilipotea. Ilikusudiwa kuwa ya mashindano, ambako uamuzi wa kujifunga hubadilika kwa sababu aliyeishiwa chipu hutoka na harudi, na kwa hiyo mkono ambao ungefuata nao kwenye mchezo wa kawaida huenda ukautupa karibu na hatua ya kulipwa. Hilo lilielezwa kwa dakika kumi. Muda uliobaki ulienda kwenye simulizi za Las Vegas, hasa ile ya mwaka 2003, Chris Moneymaker, mhasibu aliyepata nafasi yake kupitia shindano dogo la intaneti, alipoibuka mshindi kati ya watu 839 walioingia kwenye shindano kuu la poka, akaondoka na dola milioni 2.5. Ni hadithi nzuri, na haikunisaidia kuamua chochote. Naona pia kuna hatari kuwasimulia wanafunzi wapya mkasa wa mtu mmoja aliyebahatika bila kuwataja mamia ya wengine waliolipa wakarudi mikono mitupu.

Chumba ni kidogo kwa watu kumi na wanne, na joto la Machi lilitutesa. Feni ni moja, na ikiwekwa kasi ya juu hupeperusha karata, kwa hiyo tulichagua kati ya kutoka jasho na kucheza. Meza ni mbili na mwalimu ni mmoja, hivyo meza moja hucheza bila kuangaliwa kwa nusu ya kipindi. Nilikaa kwenye meza ya dirishani wiki nyingi na nilinufaika, lakini wale wa meza ya ndani walilalamika kwamba makosa yao hayakuonekana na yeyote, na naamini walikuwa na haki. Kwa ada ile wanafunzi wangepaswa kuwa wanane au tisa, au apatikane msaidizi.

Kuhusu saa, darasa huanza saa kumi na mbili na nusu jioni bila kusubiri mtu. Mimi natoka Likoni, na anayekijua kivuko chetu saa za jioni hahitaji maelezo. Mara mbili nilifika somo limeshaanza, na mara zote mbili mwalimu alinipa muhtasari wakati wa mapumziko bila kunung'unika. Mapumziko yenyewe yana kahawa chungu ya kwenye vikombe vidogo pamoja na kashata, vyote vikiwa ndani ya ada, na ndipo mazungumzo mazuri zaidi yalipofanyika, kwa sababu watu walirudia mikono yao bila aibu na kuulizana walikuwa wamepanga nini.

Wiki ya nane nilipata kumi mbili. Rundo langu lilikuwa dogo, poti ilikuwa imekua kabla ya karata za mezani, na zilipofunuka nane, sita na tatu nilihesabu uwiano: mbili kasoro. Dada wa benki alikuwa upande wa pili. Nilijiambia kimoyomoyo kwamba nimejifunga, nikatia, akapandisha, nikatia zote bila kusita hata kidogo. Alikuwa na bibi wawili, na nilitolewa. Niliinuka nikiwa mtulivu kwa namna ambayo wiki ya tano nisingeweza, kwa kuwa nilirudia hesabu nikielekea kwenye kahawa na nikaona kwamba nikiupata mkono ule tena katika hali ileile, nitatia tena.

Awamu ya pili inaanza baada ya Idi, kwa ada ileile, na mwalimu ameahidi karatasi mpya za Kiswahili. Wanaoruhusiwa ni watu wazima pekee, na anayetaka nafasi ajiandikishe mapema kwa sababu viti vinajaa. Mimi nimeshalipia. Mzee naye amejiandikisha, na nimemwomba mwalimu aniweke kushoto kwake, ili mara nyingi yeye atende kwanza nami nimtazame mikono.